Bawasiri: Tiba za Upasuaji Mdogo

Upasuaji mdogo wa bawasiri ni jina la jumla la njia za kutibu bawasiri ya ndani bila kuikata na kuacha kidonda kikubwa. Zinazotumika zaidi ni kufunga kwa mpira, kufunga ateri kwa kuongozwa na Dopla, upasuaji wa stepla na leza.

Bawasiri si nyama mpya iliyoota. Kila mtu ana vifuko laini vya mishipa ya damu ndani ya njia ya haja kubwa, vinavyosaidia kuiziba. Mwaka 1975 W.H.F. Thomson alieleza kuwa ugonjwa huanza pale nyuzi zinazoshikilia vifuko hivyo zinapolegea, vikateleza chini, vikavimba na kuvuja damu. Choo kigumu na kujikamua kwa muda mrefu huchangia, na ndiyo maana tiba huanza na maji ya kutosha na vyakula vyenye nyuzinyuzi, si kisu.

Sentimita mbili hivi kutoka tundu la haja kubwa kuna mstari wenye kingo kama meno ya msumeno. Chini yake kuna ngozi inayohisi kila mchomo. Juu yake hakuna neva za maumivu ya namna hiyo. Upasuaji ambao Milligan na Morgan waliueleza London mwaka 1937 hukata mpaka chini ya mstari, na mgonjwa huogopa choo cha kwanza kuliko alivyoogopa chumba cha upasuaji. Njia ndogo karibu zote hufanya kazi juu ya mstari.

Kufunga kwa mpira ndiyo njia rahisi na ya bei nafuu kuliko zote. Ilianza Marekani katika miaka ya 1950, na mwaka 1963 James Barron wa Detroit akaieneza kwa kutumia mpira badala ya uzi. Daktari huingiza proktoskopi, kifaa cha kuangalia ndani ya njia ya haja kubwa, huvuta bawasiri na kuivisha mpira shinani. Damu haifiki tena. Nyama hufa na kudondoka baada ya wiki moja hivi, na kovu linalobaki hushikilia kilicholegea. Nusukaputi haihitajiki. Mgonjwa akisikia maumivu makali papo hapo, mpira umekaa chini mno na hutolewa. Akipata homa, akashindwa kukojoa na maumivu yakazidi siku zinazofuata, arudi hospitali mara moja: maambukizi ya namna hii ni nadra, lakini huua.

Mwaka 1995 Kazumasa Morinaga wa Japani alieleza namna ya kuzitafuta ateri za bawasiri kwa mawimbi ya sauti ya Dopla na kuzifunga kwa nyuzi. Utafiti wa Uingereza uitwao HubBLe, uliochapishwa mwaka 2016, ulilinganisha njia hiyo na mpira kwa wagonjwa 372. Baada ya mwaka mmoja, tatizo lilikuwa limerudi kwa asilimia 30 ya waliofungwa ateri na asilimia 49 ya waliofungwa mpira mara moja. Lakini kufunga ateri kuliuma zaidi na kuligharimu zaidi, na tofauti ya kurudi ilipungua sana mpira uliporudiwa.

Stepla ya mviringo, iliyotangazwa na Mwitalia Antonio Longo mwaka 1998, hukata pete ya utando juu ya mstari na kuvivuta vifuko juu hadi mahali pake. Ilipokewa kwa shangwe kupita kiasi. Utafiti wa eTHoS wa mwaka 2016, wenye wagonjwa 777, ulionyesha kuwa maumivu ya mwanzo ni machache, lakini dalili hurudi zaidi kuliko baada ya upasuaji wa kukata. Leza, inayosinyaza bawasiri kwa joto, ndiyo inayotangazwa sana sasa. Nayo haiondoi uwezekano wa kurudi.

Daraja nne za bawasiri, zinazoitwa za Goligher, husaidia kuchagua tiba. Bawasiri ya daraja la kwanza hutoa damu bila kutokeza. Ya pili hutokeza na kurudi yenyewe. Ya tatu husukumwa kwa kidole. Ya nne hairudi, na mara nyingi hukatwa. Kabla ya lolote, mwenye damu kwenye choo huchunguzwa kwanza, kwa kuwa saratani ya utumbo mpana nayo hutoa damu. Wajawazito kwa kawaida husubiri, maana bawasiri nyingi hupungua baada ya kujifungua.

Uvimbe wa buluu unaojitokeza ghafla nje, wenye maumivu makali, ni damu iliyoganda chini ya mstari. Hapo mpira hautumiki kamwe. Ukiwahiwa ndani ya saa 72 hivi, huweza kukatwa kwa ganzi. Ukichelewa, huachwa unywee wenyewe kwa dawa za maumivu na kukalia maji ya uvuguvugu.