Kutoka Baker Street hadi Mzimuni: Nafasi ya Bwana Msa katika Historia ya Kumfikiria Upya Sherlock Holmes

Katika mijadala ya riwaya ya upelelezi ya Kiswahili, Bwana Msa, mhusika mkuu wa Muhammed Said Abdulla, hutambulishwa mara nyingi kama Sherlock Holmes wa Zanzibar. Ushahidi wa ufanano huo uko wazi: ana kiko, ana macho yasiyopitwa na jambo dogo, na ana rafiki wa karibu, Najum, anayeshika nafasi ya Dakta Watson. Makala haya hayapingi ufanano huo. Yanachopinga ni kuuita uigaji na kuishia hapo. Hoja inayotetewa ni kwamba Abdulla ni miongoni mwa waandishi waliomfikiria upya Holmes, tena aliwatangulia baadhi ya wale wanaosifiwa zaidi kwa kazi hiyo.

Arthur Conan Doyle alimleta Holmes kwa wasomaji mwaka 1887 katika A Study in Scarlet. Kuanzia mwaka 1891 hadithi fupi katika jarida la The Strand zilimpa umaarufu mkubwa. Doyle alimuua mhusika wake mwaka 1893, kisha akalazimika kumrudisha, na hadithi ya mwisho ikatoka mwaka 1927. Baada ya kifo cha Doyle mwaka 1930, waandishi wengine waliendelea kumchukua Holmes kwa malengo yao.

Mifano mitatu inatosha kuonesha namna walivyofanya. Mwaka 1974, Nicholas Meyer katika The Seven-Per-Cent Solution alimpeleka Holmes Vienna akatibiwe uraibu wa kokeini na Sigmund Freud. Mwaka 1994, Laurie R. King katika The Beekeeper's Apprentice alimpa Holmes mstaafu mwanafunzi wa kike, Mary Russell, mwenye akili sawa na yake. Mwaka 2011, Anthony Horowitz katika The House of Silk aliuliza gharama ya kuwatumia watoto wa mitaani kama wapelelezi wadogo. Katika kazi zote tatu, umbo la Doyle linabaki, lakini linaulizwa swali ambalo Doyle aliliacha kando: udhaifu wa mpelelezi, nafasi ya mwanamke, na thamani ya mtoto maskini. Kwa msingi huo, kigezo cha kufikiria upya ni swali jipya linaloulizwa ndani ya umbo la zamani.

Kwa kigezo hicho, Mzimu wa Watu wa Kale inastahili kusomwa upya. Kazi hiyo ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957–58, ikachapishwa mwaka 1960, yaani miaka 14 kabla ya riwaya ya Meyer. Bwana Ali anakutwa amekufa kwenye mzimu, mahali ambapo jamii ina maelezo tayari kuhusu nguvu zisizoonekana. Doyle alikwishaligusa tatizo kama hili katika The Hound of the Baskervilles (1901–02), ambamo kifo kinahusishwa na mbwa wa kishetani, kisha ikabainika kuwa ni mbwa wa kawaida aliyepakwa fosforasi na mtu mwenye tamaa ya urithi. Tofauti ni mahali anaposimama mpelelezi. Kwa Doyle, akili inasafiri kutoka London kwenda Dartmoor kuwatoa wenyeji katika hofu. Kwa Abdulla, akili haisafiri kutoka popote. Inakaa hapohapo, inasema Kiswahili cha watu wa pale, na inaijua imani inayoichunguza.

Umuhimu wa jambo hili unaonekana zaidi tukiangalia jiografia ya Doyle. Katika The Sign of Four, riwaya ya mwaka 1890, hatari inaingia London kutoka katika makoloni: hazina inatoka India, naye Tonga, mwenyeji wa visiwa vya Andaman, anasawiriwa kama nusu mnyama. Mwaka huohuo Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza. Miaka 70 baadaye, himaya hiyo ikiwa bado ipo, mwandishi wa Kizanzibari aliuhamisha uwezo wa kufikiri kwa mantiki akaukabidhi kwa mtu wa upande ambao Doyle aliuona kuwa chimbuko la vitisho. Hii haina maana kwamba Abdulla aliandika riwaya ya kuupinga ukoloni waziwazi. Maana yake ni kwamba umbo alilolipokea lilibadilika mikononi mwake.

Huenda ikadaiwa kwamba Meyer, King na Horowitz walilihifadhi jina la Holmes ilhali Abdulla aliliacha, hivyo kazi hizi si za kundi moja. Dai hili lina uzito, lakini linalifanya jina kuwa kigezo badala ya swali. Aidha, kuliacha jina ndiko kulikompa Abdulla uhuru wa kumkuza Bwana Msa hadi Kosa la Bwana Msa ya mwaka 1984, bila kufungwa na wasifu ulioandikwa na mtu mwingine.

Kwa kuhitimisha, neno uigaji linaeleza alichokichukua Abdulla, lakini linanyamazia alichokifanya. Mwandishi wa Kiingereza akilichukua umbo la Doyle husemwa kuwa amelifikiria upya, ilhali wa Kiswahili husemwa kuwa ameiga. Tofauti hiyo haimo katika matini zenyewe, bali katika mizani inayotumika kuzipima. Historia ya riwaya ya upelelezi ya Kiswahili inahitaji mizani moja.