Mibuyu ya Salaita: Ushahidi wa Miti na Majina

Msafiri atokaye Voi kwenda Taveta hupita nchi kavu ya vichaka na mibuyu mikubwa, mingine ikiwa na umri mkubwa kuliko vita vilivyopiganwa chini yake. Mashariki ya Taveta ndipo kilipo kilima cha Salaita, kidogo kiasi cha kupitwa bila kutambuliwa. Tarehe 12 Februari 1916 majeshi ya Uingereza yalikishambulia kilima hicho. Mizinga ilipiga kileleni, ilhali mahandaki ya Wajerumani na askari wao Waafrika yalikuwa chini, penye vichaka. Washambuliaji walipoteza watu 172, waliouawa, kujeruhiwa na kupotea. 133 kati yao walikuwa wa Afrika Kusini.

Karibu na kilima umesalia mbuyu mmoja ambao wageni huonyeshwa kila mara. Yasimuliwa kwamba mwanamke wa Kijerumani alijificha humo akiwalenga Waingereza, na matundu ya shinani huhesabiwa kuwa ya risasi. Huenda mengine ni ya risasi kweli. Lakini mbuyu hupigiliwa vigingi na warina asali, nao huponya gamba lake wenyewe. Kovu peke yake halitaji aliyelitia.

Jina la kilima nalo lina ngano yake. Wapo wasemao kwamba Salaita ni neno la Kiingereza lenye maana ya machinjo, lililogeuzwa na ndimi za wenyeji baada ya pigano. Rai hii haisimami: Waingereza walikuwa wakikiita Salaita kabla ya siku hiyo ya Februari. Wajerumani walikiita Oldorobo, jina lenye umbo la Kimaasai. Mwanaisimu akipendezwa na ufanani wa sauti tu, akasahau kuuliza tarehe, hana tofauti na mwonyesha wageni.

Jina la kuaminika zaidi liko jirani, nalo ni Mbuyuni, palipopiganwa tarehe 14 Julai 1915. Halina fumbo: kiambishi tamati -ni chatosha kueleza kwamba mahali palitambulikana kwa mti wake.

Makaburi ya vita ya Taveta yana mawe yenye majina. Wapagazi wa jeshi la Uingereza katika Afrika Mashariki, ambao kwa hesabu rasmi walikufa zaidi ya 40,000, wengi wao hawana jiwe wala jina. Kikosi chao kimebaki katika matamshi tu: Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, ambako watu huenda sokoni kila siku.