Falsafa ya filamu

Falsafa ya filamu ni tawi la falsafa ya sanaa linalochunguza filamu ni nini, picha zake zina uhusiano gani na ukweli, na mtazamaji anazielewaje. Katika Afrika Mashariki swali hilo la mwisho halikubaki darasani. Wakati wa ukoloni jibu lake lilitumika kuamua Waafrika watengenezewe filamu za namna gani.

Asili ya picha zinazotembea

Filamu ya sinema ni mfululizo wa picha zilizosimama, kwa kawaida 24 kwa kila sekunde. Hakuna hata moja kati yake inayotembea. Zamani ilielezwa kwamba kila picha hubaki machoni kidogo hadi inayofuata ifike. Maelezo hayo hayatoshi, kwa sababu picha zinazobaki machoni zingerundikana na kuleta ukungu, si mwendo. Mwaka 1912 mwanasaikolojia Max Wertheimer alionyesha kwamba alama mbili zilizotengana zikionyeshwa kwa zamu kwa kasi inayofaa, mtu huona kitu kimoja kikihama. Kwa hiyo mwendo unategemea pia namna ubongo unavyopokea picha.

Wengi husema kwamba mwendo huo ni kiinimacho tu. Mwanafalsafa Gregory Currie amepinga: kwake mwendo wa filamu ni halisi, kama rangi zilivyo halisi ingawa hutegemea macho ya anayeziona.

Nadharia kuu

Hugo Münsterberg, katika kitabu chake cha mwaka 1916, alifananisha filamu na kazi za akili: picha inayokuzwa karibu ni kama umakini, na tukio la nyuma linalorudishwa ni kama kumbukumbu. Rudolf Arnheim (1932) alisema filamu ni sanaa kwa sababu inatofautiana na ukweli: ina mipaka ya fremu, ni bapa, na hukatwa na kuunganishwa.

André Bazin, katika makala yake ya mwaka 1945, alisisitiza upande mwingine: picha ya kamera huchorwa na mwanga unaotoka kwenye kitu chenyewe, si kwa mkono wa mchoraji. Kendall Walton (1984) alikwenda mbali zaidi akisema kwamba kupitia picha tunaona vitu vyenyewe, kama tunavyoviona kwa darubini.

Hapo hutokea swali: je, kuelewa filamu ni kama kuona, ambako hakuhitaji mwalimu, au ni kama kusoma, ambako ni lazima mtu afundishwe?

Swali hilo katika Afrika Mashariki

Kati ya 1935 na 1937 ulifanyika mradi wa majaribio ya filamu za elimu kwa Waafrika, ukiwa na makao yake Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika (leo wilaya ya Korogwe, mkoa wa Tanga). Uliongozwa na L. A. Notcutt na G. C. Latham, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Zilitengenezwa filamu 35 kuhusu mambo kama kilimo, afya, kodi na kuweka akiba posta. Filamu zilikuwa bubu, na maelezo yalitoka kwenye santuri katika lugha kadhaa, kikiwemo Kiswahili.

Kuanzia 1939 Uingereza ilikuwa na kitengo cha filamu za makoloni, kilichofungwa mwaka 1955. William Sellers, aliyekiongoza baada ya kufanya kazi ya afya Nigeria, aliamini kwamba Mwafrika asiyesoma hawezi kufuata filamu ya kawaida. Aliagiza picha zikae muda mrefu, matukio yafuatane bila kuruka, na hila za kamera ziepukwe.

Mfano uliotajwa sana ni ule wa John Wilson (1961). Wanakijiji walionyeshwa filamu ya usafi kuhusu kuondoa maji yaliyotuama. Walipoulizwa wameona nini, walijibu: kuku. Watengenezaji hawakujua kama mna kuku. Walipokagua picha moja moja, walimkuta akipita kwenye kona kwa muda wa kama sekunde moja. Wilson alichukulia jambo hilo kuwa dalili ya kutojua kutazama filamu. Lakini laweza kusomwa kinyume chake: wanakijiji walimwona kuku ambaye hata watengenezaji hawakumwona. Walichotofautiana nacho ni kipi katika picha kinastahili kuangaliwa.

Mwaka 1988 Renee Hobbs na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa kwa Wapokot wa Kenya, watu wazima ambao hawakuwa wamezoea filamu. Baadhi walionyeshwa hadithi bila kukatwa, wengine hadithi ileile ikiwa imekatwa na kuunganishwa kutoka pembe mbalimbali. Waliielewa sawasawa. Utafiti wa Stephan Schwan na Sermin Ildirar nchini Uturuki (2010) uliongeza kwamba mtazamaji wa mara ya kwanza huvuka mikato kwa urahisi pale anapoifahamu shughuli inayoonyeshwa. Kilichomsaidia zaidi ni kuyafahamu maisha yanayoonyeshwa.

Watafsiri wa filamu

Katika vibanda vya video, ambavyo Tanzania huitwa pia vibanda umiza, filamu za kigeni huonyeshwa zikiwa na sauti ya mtafsiri. Lufufu alijulikana kwa kazi hiyo Tanzania, na DJ Afro Kenya. Uganda watafsiri huitwa VJ. Mtafsiri hufasiri maneno, huwapa wahusika majina mapya, hutania na hutoa mafunzo. Picha ni zilezile, lakini hadithi inayosikika si ileile. Jambo hili linaipa changamoto hoja ya Bazin na Walton: hata kama kamera inatuonyesha kitu chenyewe, maana ya kitu hicho hukamilishwa na anayesimulia na anayetazama.

Tazama pia

Filamu
Falsafa
Saikolojia