Rubani wa Akiba Haundwi kwa Amri

Mwaka 2023 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitunga sheria ya kuanzisha jeshi la akiba la ulinzi, yaani raia watakaoitwa kushika silaha nchi inaposhambuliwa. Kwa askari wa miguu, amri na miezi michache ya mazoezi yaweza kutosha kuanzia. Kwa rubani haitoshi hata kidogo. Anayetaka kuona sababu yake na aitazame historia ya anga ya Ziwa Tanganyika, kwenye ufuo ule wa Kalemie ambao Kabimba, mji wa kiwanda cha saruji, ni sehemu yake. Kwa zaidi ya miaka mia moja vita vimeleta ndege katika anga hiyo kwa haraka, lakini warushaji wake wametoka mbali. Nadai kwamba chanzo cha hali hiyo ni muda kuliko uhaba wa ndege: kumfunza rubani huchukua muda mrefu kuliko vita vingi vinavyomhitaji, na waliotawala ufuo huu hawakukubali kuutumia muda huo kwa mtoto wa hapa.

Ushahidi wa kwanza ni wa mwaka 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Reli ya kutoka Kabalo ilikuwa imefika ziwani mwaka uliotangulia, na Wabelgiji, waliokuwa watawala wa Kongo, wakaitumia kuleta ndege nne za majini aina ya Short walizopewa na Waingereza. Zilifika Matadi ndani ya makasha, zikapandishwa treni na mashua hadi Mtoa, jirani ya Kalemie, zikaungwa tena. Tarehe 10 Juni mwaka huo Aimé Behaeghe na mwenzake Collignon waliruka hadi Kigoma kuishambulia kwa mabomu meli ya Wajerumani, Graf von Götzen, ambayo leo tunaijua kwa jina la Liemba. Kazi ya kusafirisha na kuunga ndege hizo ilikuwa ya miezi. Behaeghe mwenyewe, hata hivyo, hakutengenezwa kwa miezi, kwani alikuwa ameanza urubani akiwa raia kabla ya vita kuzuka Ulaya. Jeshi lilimkuta tayari. Alikufa kwa maradhi huko Niemba Desemba mwaka huohuo, na koloni halikuwa limemwandaa mtu yeyote wa nchi hii kukaa kwenye kiti chake. Wapagazi na vibarua waliobeba makasha walibaki wapagazi na vibarua.

Hapo ndipo maana ya akiba inapoonekana. Rubani wa akiba ni raia mwenye kazi yake, mara nyingi kazi ya kurusha ndege za abiria, ambaye hurudi jeshini mara kwa mara ili mkono usisahau. Nchini Marekani, ambako utaratibu huu umekomaa, mtu anayekubaliwa na kikosi cha akiba hupitia kwanza mafunzo ya uofisa ya wiki kadhaa, kisha karibu mwaka mzima wa shule ya urubani, kisha mafunzo ya kuokoa maisha yake akianguka porini au majini, kisha miezi mingine ya kuijua ndege ya kikosi chake. Ukijumlisha na kusubiri nafasi, miaka miwili huisha, na mara nyingi zaidi. Baada ya shule hudaiwa miaka kumi ya utumishi. Sharti hilo la miaka kumi si ukatili, maana taifa limeweka ndani ya kichwa cha mtu mmoja mali ambayo haiwezi kununuliwa upya wiki ya vita.

Afrika Mashariki nayo imewahi kuwa na marubani wa akiba. Wakati wa vita vya Mau Mau, kikosi cha anga cha polisi wa akiba wa Kenya kilirusha ndege ndogo za Piper juu ya misitu ya Aberdare na Mlima Kenya, na warushaji wake wengi walikuwa walowezi waliojifunza kwa starehe au kwa shughuli za mashamba. Klabu ya urubani ya Afrika Mashariki ilikuwepo Nairobi tangu 1927, na serikali ya kikoloni ilipohitaji marubani, ilivuna palipokwisha kupandwa. Kwa Mkikuyu aliyekuwa msituni, akiba hiyo ilikuwa chombo cha kumkandamiza, na hilo lazima lisemwe wazi. Lakini ndilo linaloonyesha kwamba anayeruhusiwa kujifunza kuruka wakati wa amani ndiye anayeitawala anga wakati wa vita.

Katanga ilipata nafasi nzuri kuliko Kenya, ikanyimwa. Katika miaka ya 1950 Wabelgiji walihamishia Kamina shule yao ya juu ya urubani wa kijeshi. Vijana kutoka Ulaya walijifunza ndege za Harvard katika anga ya jimbo ambalo Albertville, Kalemie ya leo, ilikuwa mji wake mmojawapo. Uwanja ulikuwepo, na karakana, na wakufunzi. Hata hivyo, uhuru ulipofika Juni 1960, Force Publique, yaani jeshi la koloni, haikuwa na ofisa Mkongo hata mmoja, sembuse rubani. Hapo hakuna wa kulaumu umaskini, kwa sababu gharama ilikuwa imekwishalipwa.

Deni la kutomfunza Mkongo lilidaiwa miaka minne baadaye. Waasi wa Simba waliitwaa Albertville Juni 1964, na serikali ikairudisha mwishoni mwa Agosti. Ndege za T-28 na B-26 zilizosaidia serikali mashariki zilirushwa na Wakuba waliomkimbia Castro na kuajiriwa na Wamarekani. Mwaka 1965, Che Guevara alipovuka ziwa kutoka Kigoma na wapiganaji wake Wakuba kuwasaidia waasi, nao wakaishambulia Bendera, penye kituo cha umeme wa maji, Wakuba walikuwa wakipigana na Wakuba katika vita vya Wakongo. Baadhi ya marubani hao walikuwa wamepitia kambi ya Guatemala walikoandaliwa kwa uvamizi wa Kuba wa 1961, na waliowaandaa walikuwa watu wa akiba, wanajeshi wa anga wa jimbo la Alabama chini ya Jenerali Reid Doster. Walichaguliwa kwa sababu kikosi chao kilikuwa miongoni mwa vya mwisho kurusha B-26 huko kwao. Wanne kati yao walikufa katika uvamizi huo. Ujuzi ambao jeshi la kudumu lilikuwa limekwisha kuuacha ulikuwa umehifadhiwa na raia wa Alabama, na kupitia wanafunzi wao ukafika mpaka anga ya mashariki ya Kongo.

Wapo watakaosema kwamba kukodi ni nafuu. Kwa mwezi mmoja, ndiyo. Lakini mamluki wa ardhini waliokodiwa katika vita hivyohivyo waliasi mwaka 1967 na kuishika Bukavu kwa miezi chini ya Jean Schramme, na Mobutu, aliyekuwa amewafunza marubani kwa msaada wa Waitalia na Wafaransa kisha akaliacha jeshi la anga lioze, alirudia kukodi marubani wa Kiserbia mwaka 1997, wasimwokoe. Wengine watasema zama hizi ni za droni, na kweli Kongo imenunua droni za Kichina. Droni nayo ina mrushaji, na mrushaji hufunzwa. Pingamizi lenye uzito kuliko yote ni la mama anayekosa dawa Kabimba: kwa nini afikiriwe rubani kabla ya hospitali? Ninalichukulia kwa uzito, na jibu langu ni kwamba akiba ya kweli huanzia kwenye ndege ndogo za kiraia, zilezile zinazoweza kubeba dawa na wagonjwa pale barabara za jimbo la Tanganyika zinapokatika kwa mvua. Fedha zikitengwa kwa ndege za vita peke yake, mama huyo ana haki ya kupinga.

Basi wabunge wa jimbo na wa Kinshasa wanaotaka sheria ya 2023 ifike angani waanze na shule ya urubani wa kiraia, wafadhili vijana wa Kalemie na Kabimba, na wawawekee masharti ya utumishi. Atakayeanza mwaka huu hatakuwa tayari kabla ya miaka miwili.