Upimaji wa machaguo ya majibu (mantiki)

Upimaji wa machaguo ni hatua ya kulinganisha kila jibu lililotolewa na hoja ya swali la mantiki. Katika LSAT, mtihani wa kujiunga na vyuo vya sheria Marekani na Kanada, kila swali la mantiki lina machaguo 5 na jibu sahihi 1. Kukosea hakupunguzi alama. Mtahiniwa hutambua kwanza hitimisho na sababu zake, kisha huondoa majibu yanayotia chumvi au kugeuza masharti. Kwa mfano, “kila mvuvi ana mtumbwi” haithibitishi kwamba kila mwenye mtumbwi ni mvuvi. Dhana inayodaiwa kuwa nguzo ya hoja hupimwa kwa kuikanusha: hoja ikiporomoka, hilo ndilo jibu. Tangu Agosti 2024, sehemu 2 kati ya 3 za LSAT zinazohesabiwa alama ni za mantiki.