Kutoka chai ya Jamaika hadi dripu ya Stockholm

Mwaka 1954, Gerrit Bras na wenzake wawili walieleza ugonjwa uliokuwa ukiwapata hasa watoto huko Jamaika. Ini linavimba, tumbo linajaa maji, wengine wanafariki. Chini ya darubini, mishipa midogo inayotoa damu kwenye ini ilikuwa imeziba. Mshukiwa alikuwa chai ya majani ya porini, hasa mimea ya Crotalaria, ukoo mmoja na marejea tunayoijua huku kwetu.

Miaka ilipita, ugonjwa ukarudi kupitia mlango mwingine: hospitali. Mgonjwa wa saratani ya damu hupewa dawa kali kabla ya kupandikizwa uboho. Dawa hizo zinaweza kuua seli zinazotandika kuta za mishipa ya ini, na njia ya damu inaziba vilevile.

Sasa, asidi amino inaingiaje hapa? Seli hujikinga na sumu kwa glutathioni, na ili kuitengeneza zinahitaji sisteini. Mwaka 1977, Laurie Prescott na wenzake wa Edinburgh walionyesha kuwa N-asetilisisteini, yaani sisteini iliyobadilishwa kidogo, huokoa ini la mtu aliyezidisha parasetamoli. Basi swali likaja lenyewe: je, haiwezi kuokoa na mishipa?

Mwaka 2000 matumaini yalipanda. Kundi la Laurie DeLeve, Los Angeles, lilionyesha kwamba panya walioongezewa glutathioni walikingwa. Mwaka huohuo madaktari wa Stockholm wakaripoti wagonjwa watatu waliopewa dawa ile na kupata nafuu.

Lakini watatu ni wachache jamani! Wagonjwa wengi wenye hali isiyo kali hupona bila dawa maalumu. Bila kundi la kulinganisha, utajuaje nani kaponywa na dawa na nani kapona mwenyewe? Hapo ndipo ninapowapa heko watu wa Stockholm. Hawakuishia kushangilia. Waliwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, baadhi wakapewa dawa na wengine hawakupewa. Matokeo yakatoka 2008: dawa haikuleta tofauti ya maana kwenye ini.

Dawa iliyokuja kuidhinishwa, Ulaya 2013 na Marekani 2016, ni defibrotaidi. Hiyo si asidi amino kabisa. Hutokana na DNA ya utumbo wa nguruwe.

Je, kazi ya Stockholm ilipotea bure? Hapana. Mgonjwa wa uboho hana muda wa kupoteza kwa dawa isiyomsaidia. Kumwambia daktari "hii haitoshi, tafuta nyingine" nako ni kumhudumia mgonjwa.