Upepo wa Mivukuto, Upepo wa Vali

Makontena 277 yalipozuiwa bandarini Dar es Salaam mwaka 2017, neno makinikia, yaani unga wa madini ya shaba na dhahabu, liliingia kila kijiwe cha kahawa. Tulibishana kuhusu thamani yake. Ni wachache waliouliza yanapatikanaje. Yanavunwa kwa povu. Mwamba husagwa ukawa uji, ukatiwa dawa inayofanya chembe za shaba na dhahabu zikatae maji, kisha hewa ikaingizwa chini ya tangi. Chembe hupanda zimeng'ang'ania mapovu, mawe yakabaki.

Basi mwenye kushika hewa ndiye mwenye kushika mavuno. Ikizidi, povu hulowa na kumwagika na mchanga wake. Ikipungua, hulala, chembe zikadondoka tena majini. Siku hizi kazi hiyo hupewa mtambo: kipimo husoma hewa inayoingia, kompyuta ikafungua au kubana vali, usiku na mchana.

Kanda ya Ziwa, yenye mgodi wa Bulyanhulu unaozalisha makinikia, ndiko waliko pia Wahaya wa Kagera, na kushika hewa si jambo geni kwao. Katika miaka ya 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt aliwaomba wazee wayeyushe chuma kama zamani. Walijenga tanuru la udongo wa kichuguu, wakavuta mivukuto, na mirija ya udongo iliingia ndani kabisa ya moto, na kwa maoni ya Schmidt hewa ikapata joto kabla ya kufika kwenye makaa. Kipimo hawakuwa nacho. Walikuwa na macho na masikio.

Wapo watakaosema huku ni mazoea na kule ni sayansi. Sikubali. Tofauti iko kwenye kinachotazamwa. Mzee wa Kihaya alitazama moto, yaani matokeo. Vali hutazama hewa tu, na mita za ujazo hazisemi kama povu limebeba shaba au tope. Mtambo waweza kuishika namba yake barabara huku mali ikienda na maji taka. (Ndiyo maana mwendeshaji mzoefu bado huchungulia tangi.)

Watafiti wa Imperial College London walionyesha kwamba kuna kiwango cha hewa ambacho kwacho sehemu kubwa zaidi ya hewa iliyoingia hutoka ikiwa bado ndani ya mapovu yasiyopasuka, yale yabebayo chembe. Chini yake au juu yake, sehemu hiyo hupungua. Kiwango hicho hutafutwa kwa kulitazama povu lenyewe, kamera ikipima mwendo wake ukingoni. Hapo mtambo umeanza kumkaribia yule mzee. Vali isiyo na jicho bado iko nyuma yake.